Uliza Ujibiwe: Mzizi wa tangawizi, wa jino, wa neno na wa hesabu

Toleo lililopita msomaji mmoja wa Kizimbani aliuliza mizizi ya tangawizi ifukiwe kwa kina gani. Tulimjibu kuhusu kina, kisha tukaongeza sentensi moja: kwamba tangawizi tunayoitia kwenye chai si mzizi, ni shina. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko jibu lenyewe. Wako waliobisha, na wako waliolitoa swali shambani wakalipeleka pwani, skuli, kwa daktari wa meno na hata kwenye msingi wa nyumba.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kila fani iliyolichukua neno hili imeliwekea kipimo chake, na ugomvi mwingi unatokana na mtu kuchukua kipimo cha fani moja akapimia nyingine. Kwa hiyo katika kila jibu tumejitahidi kueleza kipimo chenyewe, ili msomaji aweze kujipimia.

Assalamu alaykum. Mimi nalima tangawizi na muhogo. Vyote viwili nachimba, vyote viwili havioni jua. Vipi kimoja kiwe shina na kingine mzizi? Na mimi mkulima inanihusu nini?
*Mkulima, Konde, Pemba*

Wa alaykumu ssalaam. Kukaa chini ya udongo si kipimo. Wataalamu wa mimea hutazama kiungo kimejengwa vipi, na hilo unaweza kulitazama mwenyewe hapo nyumbani.

Chukua tunguu la tangawizi lililochimbwa leo, lioshe bila kulikwangua. Utaona mistari myembamba imelizunguka mfano wa pete, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari ni kifundo, na pale pete ilipo palikuwa na jani dogo ambalo limekauka likabaki gamba. Kwenye vifundo hivyo, ubavuni na kwenye ncha, utakuta macho yanayotaka kuchipua. Upande wa chini zinaning'inia nyuzi nyeupe. Hizo nyuzi ndiyo mizizi ya tangawizi. Lenye vifundo, magamba ya majani na macho yaliyopangika ni shina, hata likilala udongoni maisha yake yote.

Sasa shika muhogo uuzungushe mkononi. Hakuna kifundo, hakuna gamba la jani, hakuna jicho. Ukikata kipande cha mviringo utaona ganda jembamba la nje, ganda nene la ndani, nyama ya wanga, na katikati ule uzi mgumu ambao mpishi huutoa kabla ya kutia tui. Huo ni mzizi ulionenepa kwa sababu mmea umeweka akiba ya chakula ndani yake.

Linalokuhusu wewe ni mbegu. Tangawizi ina macho, kwa hiyo inapandwa kwa kipande chake yenyewe. Kata vipande vya sentimita 3 hadi 5, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu yaliyo hai. Viache kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha la kisu likauke. Fukia kwa kina cha sentimita 5 hivi, macho yakitazama juu, nafasi kati ya kipande na kipande iwe sentimita 20 hadi 30. Wengi huharibikiwa katika mambo mawili. Kwanza, hupanda kipande kilichokatwa sasa hivi, jeraha bado bichi, vimelea vya kuozesha vikapata mlango. Pili, hupanda bondeni ambako maji ya mvua yanasimama, tunguu likalainika na kunuka kabla halijachipua. Tuta lililoinuka huokoa sehemu kubwa ya mbegu.

Muhogo ni kinyume chake. Ukiufukia mzizi wake unakuozea, maana hauna pa kuchipulia. Unachopanda ni pingili za mti, za sentimita 20 hadi 30, zilizokomaa na zenye vifundo vitano au zaidi, kwa sababu macho yako huko.

Kwa kipimo hichohicho, manjano ni shina, jimbi ni shina, na mbatata pia ni shina. Yale macho yake si jina la utani, ni macho kweli. Ndiyo maana mbatata ikiachwa kwenye mwanga hugeuka kijani, na pamoja na ukijani huo inatengeneza solanini, sumu yenye uchungu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Gunia la mbatata likae gizani, na iliyokwisha kuwa kijani isipikwe. Karoti ni mzizi. Kitunguu maji si mzizi wala si shina kwa sehemu kubwa: yale matabaka ni majani yaliyonenepa, na shina ni kile kisahani kigumu cha chini ambacho nyuzi za mizizi zinatokea.

Kiazi kitamu kinahitaji uangalifu. Ni mzizi, lakini kikikaa jikoni kinachipua. Kwa hiyo kuchipua peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Tazama machipukizi yanatokea wapi: kwenye kiazi kitamu hayakupangwa kwenye vifundo, na hapana gamba la jani lililoyatangulia. Na kwa wanaosisitiza kwamba mzizi lazima uwe ardhini, nendeni kwenye shamba la viungo mkatazame pilipili manga na vanila. Zile nyuzi fupi zinazoshika mti wa kupandia, mita nzima juu ya udongo, ni mizizi.

Mwani wa kupanda tunaufunga kwenye kamba. Lakini mwani unaoota wenyewe umeng'ang'ania jiwe. Pale unapong'ang'ania, si ndiyo mzizi wake?
*Mkulima wa mwani, Paje*

Hapana, bibie. Ni kishikizo tu. Mzizi wa mmea una kazi mbili: kushika, na kunyonya maji na madini kisha kuyapandisha kwa mirija ya ndani mpaka kwenye majani. Mwani hauna mirija hiyo. Unajilisha kwa mwili mzima, kila sehemu inachukua chakula chake moja kwa moja kutoka kwenye maji. Hiyo ndiyo sababu kipande kilichokatwa na kufungwa kwenye kamba kinakua vizuri bila kugusa mchanga, na ndiyo sababu kilimo hiki kimewezekana kwa vigingi na kamba tangu kilipoanza huko kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989.

Kutokana na hilo, rutuba ya mchanga isikushughulishe. Tazama maji yanavyopita. Mwani uliofunikwa na tope au na vijimea vinavyoota juu yake unakosa chakula, hata kama bahari imejaa chakula, kwa kuwa ngozi yake ndiyo mdomo wake. Tikisa kamba kila bahari inapokupwa, ondoa uchafu kwa mkono. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mvua kubwa ikapunguza chumvi, vitawi hugeuka vyeupe na kukatika. Hapo vuna mapema kilichobaki kizima, na mbegu ihamishie penye maji mengi zaidi.

Msichanganye mwani na majani ya bahari, yale marefu yanayolala wakati wa kupwa. Hayo ni mimea kamili: yana maua, yana shina linalotambaa chini ya mchanga, yana mizizi ya kweli. Ukiyang'oa ili kusafisha shamba la mwani, mchanga uliokuwa umeshikwa unalegea na kuanza kuhama, na maji yanachafukia kamba zako mwenyewe.

Kijijini kwetu wamechimba njia juu ya kilima, mchanga umeteremka mpaka kwenye mikoko. Miti ya mchu imeanza kupukutisha majani ingawa maji yanafika kila siku. Tatizo ni nini?
*Mwanakamati ya mazingira, Micheweni*

Tatizo ni pumzi. Matope ya mikokoni hayana hewa, ndiyo maana yananuka yai viza ukiyatifua. Mizizi iliyo ndani yake ingekufa kama mti usingeitolea njia ya kupumulia. Mchu hutoa vijiti vyembamba vinavyosimama wima kuuzunguka mti, urefu wake mara nyingi ni sentimita 10 hadi 30. Mlilana, mti mwingine wa mikokoni, hutoa vilivyo vinene chini na vyembamba juu. Mzizi wa msinzi hutokeza, ukapinda goti, ukarudi chini. Mkoko wenyewe hushusha miguu yake kutoka kwenye shina. Vyote hivyo ni mizizi, na ngozi yake ina vitundu vidogo vinavyoingiza hewa maji yanapokupwa.

Mchanga ukivifunika vile vijiti vya mchu, maji yatafika lakini hewa haitafika. Mti haufi siku hiyo. Hupukutisha majani ya juu kwanza, halafu matawi. Oili iliyomwagika na mifuko ya plastiki iliyonasa huua kwa njia hiyohiyo.

Anzeni juu kilimani: zuieni mchanga kwa mawe na majani kabla ya mvua za masika, la sivyo kazi ya chini itakuwa bure. Kisha, bahari ikikupwa, ondoeni mchanga kwa mikono na ndoo mpaka ncha za vijiti zitokeze. Jembe na koleo msitumie, vinakata vijiti vyenyewe mnavyotaka kuviokoa. Palipokwisha kuinuka sana msipande tena mti uleule, kwa kuwa maji hayakai hapo kwa muda uleule wa zamani.

Mkitaka kupanda mkoko mahali penye matope laini, okoteni miche iliyokomaa, ambayo pete yake ya juu imegeuka njano. Ichomekeni, ncha iliyochongoka ikitazama chini, mpaka theluthi moja au nusu ya urefu, nafasi iwe mita moja. Kosa kubwa tunaloliona ni kupanda kwenye uwanda wa majani ya bahari kwa sababu tu pana nafasi. Pale maji yanakaa muda mrefu mno, miche inazama na kufa, na majani ya bahari nayo yanakanyagwa.

Mwanangu wa miaka sita ameng'oka jino, halina mzizi hata kidogo. Bibi yake anasema meno ya utoto hayana mizizi. Ni kweli?
*Mzazi, Mkoani*

Meno ya utoto yana mizizi. Jino la ukubwani linapopanda kutoka chini, mwili huuyeyusha mzizi wa jino la utoto kidogo kidogo, mpaka linabaki taji peke yake limeshikwa na ufizi. Bibi amekiona kilichobaki.

Kwa daktari wa meno, mzizi ni sehemu iliyo ndani ya mfupa wa taya, na taji ni sehemu inayoonekana mdomoni. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja. Magego ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, ya juu mitatu. Kwa hiyo gego la juu mara nyingi ni kazi zaidi kulitibu mizizi.

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye watoto wanaocheza mpira anapaswa kulijua. Jino la ukubwani likitoka zima kwa kugongwa, mzizi wake umefunikwa na nyuzi hai ambazo ndizo zinazoweza kuliunganisha tena na mfupa. Nyuzi hizo hufa zikikauka au zikisuguliwa. Lishike jino kwa taji, mzizi usiuguse. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maji safi sekunde chache tu, bila sabuni na bila kusugua. Mtoto akiwa na utulivu, lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, aume kitambaa safi. Ikishindikana, litie kwenye kikombe cha maziwa. Lisiwekwe kwenye karatasi wala kwenye maji matupu. Kisha mkimbilie kwa daktari wa meno. Ndani ya nusu saa matumaini ni makubwa, likikaa kavu zaidi ya saa moja yanapungua sana. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuumiza lile linalokuja chini yake.

Darasani kwangu wanafunzi wamegawanyika. Mzizi wa neno "mpishi" ni pik au ni pish? Na "kula" mzizi wake ni herufi moja tu? Naomba mnipe njia, si jibu peke yake.
*Mwalimu wa Kiswahili, Chake Chake*

Mwalimu, swali lako ndilo lililotufurahisha kuliko yote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Katika sarufi, mzizi ni kile kinachobaki baada ya kuondoa viambishi vyote, na ndicho kinachobeba maana ya msingi. Kipimo chake ni ukoo: je, kipande hicho kinaonekana katika maneno mengine yenye maana iliyo jamaa?

Njia ni kuanza na neno refu. Andika *watakaotupikia* ubaoni, ulikate: wa-taka-o-tu-pik-i-a. Wa ni watendaji, taka ni wakati ujao, o ni ya urejeshi, tu ni sisi tunaotendewa, i ni ya kutendea, a ni irabu ya kumalizia. Imebaki pik. Sasa itafutie jamaa: pikwa, pikisha, pikika, mpikaji. Wote wana pik.

Mpishi na mapishi wanaonekana wageni, lakini wana sababu. Kiambishi -i kinachounda jina mwishoni huibadilisha konsonanti inayokitangulia. K hugeuka sh: pika, mpishi, andika, mwandishi, zika, mazishi, cheka, mcheshi. T hugeuka s: fuata, mfuasi. D hugeuka z: penda, mpenzi, linda, mlinzi. B mara huwa z, mara v: iba, mwizi, gomba, mgomvi. Kwa hiyo mzizi ni pik, na pish ni sura yake mbele ya -i. Ushahidi mzuri wa kuwapa wanafunzi ni kuweka *mwandishi* na *mwandikaji* pamoja. Kitenzi ni kimoja. Palipo na -ji, k imesalimika.

Kula: ndiyo, mzizi ni l. Ile ku- imebakia katika *anakula* kwa ajili ya kubeba mkazo tu, na hutoweka mahali pengine: hali, ale, alaye. Kisha tazama jamaa zake: liwa, lika, lisha, mlo, mlaji. Katika kundi hilo yumo pia *kulia* ya kulia chakula, na ndiyo iliyotupa mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula. Hapa wanafunzi hutegwa na *kulia* ya machozi. Mzizi wake ni li. Watenganishe kwa kunyambua: anayekula unamlisha, anayelia unamliza. Kwa kukanusha, mmoja *hali*, mwengine *halii*. Maneno mawili yenye sura moja, mizizi miwili. Vivyo hivyo kufa ni f (fia, fisha, kifo, mfu), na kunywa ni nyw (nywea, nywesha, kinywa).

Makosa ya kukata yako ya aina mbili. Moja ni kukata kinachofanana na kiambishi. Mwanafunzi amefundishwa kwamba -ik- ni ya kutendeka, basi anaikata *shika* iwe sh-ik-a. Muulize: hiyo sh unaikuta wapi kwingine, kwa maana gani? Hana pa kuionyesha. Mzizi ni shik. Kosa la pili ni kudhani kwamba mzizi lazima utamkike peke yake. *Funika* na *funua* zina mzizi mmoja, fun, kwa maana ya kifuniko kuwekwa na kutolewa, ijapokuwa hakuna mtu anayesema "funa". Ndivyo zilivyo bandika na bandua.

Kuhusu *shina*, ambalo liliulizwa na wenzako wawili: katika sarufi shina ni mzizi ukiwa na irabu yake ya mwisho, na pengine na viambishi vya unyambuaji pia, tayari kupokea viambishi vya mbele. Pik ni mzizi. Pika ni shina. Pikia ni shina. Kamusi zetu huorodhesha vitenzi kwa mashina. Kwa vitenzi vya mkopo visivyoishia na -a, kama jibu na samehe, irabu ya mwisho ni ya neno lenyewe, kwa hiyo usiwalazimishe wanafunzi kuikata kwa sheria ya pika.

Chuoni mwalimu ametwambia kitabu, katibu na maktaba yana mzizi mmoja. Skuli nimeandika hivyo nikakosa. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Mwembeladu*

Wote wawili, kila mmoja katika lugha yake.

Mzizi wa Kiarabu kwa kawaida ni konsonanti tatu, na maneno huundwa kwa kubadilisha irabu na kuongeza herufi pembezoni. K-t-b ni mzizi wa kuandika; humo mmetoka kitabu, katibu, maktaba, katiba na mkataba. Aini-l-m ni mzizi wa kujua: elimu, mwalimu, taaluma, alama. S-l-m umetupa salama, salamu na Uislamu.

Mwalimu wako wa skuli anapima kwa kipimo cha Kiswahili. Kwa Kiswahili hatuwezi kuanza na kitabu tukafika kwenye maktaba kwa viambishi vyetu. Tena tumelifanya jambo la ajabu: ki ya kitabu, ambayo kwa Kiarabu ina konsonanti ya kwanza ya mzizi, sisi tumeisikia ni ngeli ya ki-/vi-, tukasema *vitabu*. Kwa wingi huo k ya mzizi imetupwa kabisa, na kipande kisichobadilika kwetu ni -tabu. Mkataba nao tumeupa wingi wa *mikataba*, m- ya Kiarabu ikawa ngeli. Maneno yamekuja na asili yake, na sarufi yetu imeyapokea kwa sheria zake. Kwenye mtihani wa Kiswahili fuata kipimo cha Kiswahili. Ukiulizwa asili ya neno, jibu la chuoni ndilo.

Jihadhari na jambo moja. Herufi za Kiswahili zimeunganisha sauti ambazo Kiarabu kinazitenganisha, kwa hiyo usihukumu kwa macho. Safari, msafiri na msafara ni za sini-f-r. *Sifuri* inaonekana ndugu yao, lakini ni ya swadi, s nyingine ya Kiarabu, na asili yake ni utupu. Katibu na khatibu nao si ndugu: wa kwanza ni wa kuandika, kwa te, wa pili ni wa kuhutubia, kwa kha na twa, ndugu yake ni hotuba. Kabla ya kusema maneno mawili ni mzizi mmoja, yaandike kwa Kiarabu kwanza.

Mimi fundi mwashi. Kona naipima kwa tatu-nne-tano, haijanitupa. Sasa kijana wangu wa skuli anataka nitumie "kipeuo cha pili", na kitabu chake kingine kinasema "mzizi". Ni kitu kimoja? Na kwa chumba cha mita 4 kwa 5 kitanisaidia nini?
*Fundi, Fuoni*

Fundi, tatu-nne-tano yako (3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, 5 mshazari) tayari ni hesabu ya mzizi. 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na namba inayojizidisha ikazaa 25 ni 5. Hiyo namba inayojizidisha ndiyo skuli wanaiita kipeuo cha pili. Kijana asiichanganye na *kipeo*: kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Herufi moja imewakosesha watoto alama nyingi.

Jina la mzizi limetoka kwa wanahisabati walioandika Kiarabu. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliiita namba isiyojulikana jidhr, yaani mzizi, na mraba wake akauita *mal*, neno lilelile tunalotamka mali. Kutoka Kiarabu jina lilifasiriwa kwenda Kilatini, kisha likaenea Ulaya.

Sasa chumba chako. 4 mara 4 ni 16, 5 mara 5 ni 25, jumla 41. Hakuna namba nzima inayojizidisha ikawa 41, kwa hiyo itafute hivi. Kisia 6.5. Gawa 41 kwa 6.5, unapata 6.308. Chukua wastani wa hizo mbili: 6.404. Jizidishie: 41.01. Kwa kazi yako inatosha, mshazari wa chumba ni mita 6.40. Ukitaka kwenda mbali zaidi rudia mara moja tena, utapata 6.403.

Funga uzi, pigilia misumari minne, pima katikati ya msumari hadi katikati ya msumari na futi ikiwa imevutwa. Ikilegea inakuongezea urefu usiokuwepo. Mshazari ukitoka 6.45, kona unayopimia, ile iliyoelekeana na huo mshazari, imefunguka. Ukitoka 6.35, imefumba. Pima na mshazari wa pili. Pande zinazotazamana zikiwa sawa na mishazari yote miwili ikatoa 6.40, mwaga msingi. Faida yake juu ya tatu-nne-tano ni kwamba unapima chumba kizima, si pembe tatu ndogo ya kona moja ambayo kosa lake la sentimita hukua kila ukuta unavyorefuka.

Onyo kwa kijana: mzizi haugawanyiki juu ya jumla. Akichukua mzizi wa 16 na mzizi wa 25 akavijumlisha atapata 9, na chumba cha mita 4 kwa 5 hakina mshazari wa mita 9. Jumlisha kwanza, mzizi baadaye.

Na "mizizi ya mlinganyo" anayokutana nayo kitabuni ni namba zinazoufanya mlinganyo uwe kweli. Mfano maarufu wa al-Khwarizmi ni huu: mali na mizizi kumi ni sawa na 39. Njia yake: chukua nusu ya kumi, 5, izidishe yenyewe, 25, ongeza kwenye 39, upate 64, kipeuo chake 8, toa ile 5, inabaki 3. Kipimo ni kuirudisha namba mahali pake: 3 mara 3 ni 9, mizizi kumi ni 30, jumla 39. Yeye alisimama hapo kwa kuwa alikuwa akipima pande za mraba. Lakini hasi 13 nayo inapita kipimo: 169 ukitoa 130 ni 39. Kwenye karatasi ya mtihani kijana aandike zote mbili. Kwenye uzi wa msingi achukue ile chanya.